Robo Kilo ya Nyama na Sufuria Moja

Msikilizaji wa Lushoto, wa Soni, Bumbuli, Mlalo, Mtae na kote milimani, na wewe uliye huko chini, Mombo na Korogwe, mpaka Tanga mjini, tukae pamoja kwa muda huu mfupi, kila mmoja na kazi yake mkononi, anayechambua maharage achambue, anayefunga mafungu ya karoti afunge, masikio tu ndiyo ninayoyaomba.

Nina swali moja kabla sijaendelea. Leo jioni unapika nini?

Swali hili saa hizi linaulizwa karibu kila nyumba. Mama analiuliza akirudi shambani, watoto wanaliuliza wakirudi shule, na wewe mwenyewe unajiuliza ukiwa njiani. Na mara nyingi mfuko ndio unaojibu. Unapita mbele ya bucha, unaiangalia nyama inayoning'inia, unapiga hesabu: sisi tuko sita, nusu kilo ikikatwa vipande kila mtu ataambulia viwili, na kimoja kitakuwa mfupa. Unaendelea na safari yako. Nyama inasubiri Idi, inasubiri Krismasi, inasubiri mgeni.

Leo nataka nikurudishe pale buchani, ununue robo kilo tu. Robo, msikilizaji, siyo nusu. Isagwe. Halafu uipike na mboga za mlima huu huu pamoja na makaroni, au tambi ukipenda, ndani ya sufuria moja. Watu sita watakula na kushiba, na kila mmoja atapata nyama katika kila kijiko. Nitalirudia hili mara kadhaa leo, kwa hiyo tulishike mapema: nyama kidogo, mboga nyingi, sufuria moja.

Kabla hatujawasha jiko, niruhusu nikukumbushe habari moja ya kwetu.

Wasambaa wote tunalijua jina la Mbegha. Mwindaji aliyetoka Nguu, katika karne ya 18, akaingia milima hii na mbwa wake. Abdallah bin Hemedi aliandika simulizi yake kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, na babu zetu wameisimulia kwa namna zao. Wengi tukiisikia tunakumbuka simba aliyeuawa, tunakumbuka mji wa Vuga, tunakumbuka ufalme alioupata. Mimi kila nikiisikia, jambo linalonishika ni chakula. Mbegha aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na nyama ya mawindo yake akawagawia watu. Nao wenyeji wakampa vyakula vya shambani mwao. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake amekikosa. Huyu ana nyama bila unga, wale wana unga bila nyama, wakikutana mlo unakamilika.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu watu wengi wanadhani nyama ndiyo mlo wenyewe, na kilichobaki ni cha kusindikizia. Hapana. Katika simulizi yetu hiyo ya kale, nyama haikuwa peke yake. Ilikutana na mazao ya shamba, na hapo ndipo watu walipoketi kula. Robo kilo peke yake kwa watu sita ni ugomvi. Robo kilo ikikutana na shamba la Lushoto ni chakula cha jioni.

Na shamba la Lushoto lina nini? Hapa sasa nataka unisikilize vizuri, hasa wewe mkulima wa Lukozi, wa Malindi, wa mabonde ya kule Kwai.

Huko Italia kuna mji unaitwa Bologna. Wenyeji wake wanajulikana duniani kwa mchuzi wao mzito wa nyama ya kusaga unaoliwa na tambi pana. Mwaka 1982 Chuo cha Upishi cha Italia kiliuandikisha rasmi upishi huo pale Bologna, ili usipotee wala usichakachuliwe. Unajua ndani yake kuna nini? Kuna nyama ya ng'ombe, kuna vitu vyao ambavyo wengi wetu hatuvitumii, mvinyo na nyama ya nguruwe. Lakini vingine, msikilizaji, ni hivi: karoti, kitunguu, selari, nyanya na maziwa.

Karoti, kitunguu, selari, nyanya, maziwa. Kipi hapo hakipatikani Lushoto?

Selari wengi wetu tunailima na hatuili. Tunaikata alfajiri, tunaiosha kijitoni, tunaifunga, inapakiwa kwenye lori pamoja na liki, brokoli na saladi, inateremka kona za Soni hadi Mombo, na kesho yake iko Dar es Salaam, kwenye hoteli, inapikiwa wageni. Vikundi vya wakulima wa hapa, Usambara Lishe Trust wakiwa miongoni mwao, wamezoea kuzikuza mboga hizi za Kizungu kwa ajili ya soko la jiji. Biashara ni njema, iendelee, ada za shule zinalipwa kwayo. Ninachosema ni kwamba bua moja libaki nyumbani. Bua moja tu la selari, likikatwa vipande vidogo likakaangwa na kitunguu, linaufanya mchuzi wa robo kilo unukie kama wa kilo nzima.

Na yale ambayo soko limeyakataa je? Karoti iliyopinda, karoti yenye pacha, kabichi iliyopasuka, nyanya masalo ambazo dalali amezitupa pembeni ya tenga? Hizo ndizo za sufuria hii. Karoti iliyopinda ikishakwanguliwa, nani atajua kwamba ilipinda? Nyanya iliyoiva kupita kiasi haifai kusafiri mpaka Kariakoo, lakini kwa mchuzi ndiyo bora kuliko ile ngumu, kwa sababu ina utamu na haihitaji moto mwingi kuvunjika. Iliyopondeka leo ni nzuri. Iliyoota ukungu au inayonuka uchachu, hiyo tupa, usiionee huruma.

Naona nimezungumza mengi na jiko halijawaka. Twende buchani.

Ukifika, usipokee nyama iliyokwisha kusagwa tangu asubuhi. Chagua kipande chako, hakikisha nyama ina mhuri wa mkaguzi, ipimwe, isagwe ukiwa unaona. Sababu ni hii: katika kipande kizima cha nyama, uchafu na vijidudu vingi vinakaa juu, nje. Ukikisaga, kilichokuwa nje kinachanganyika na cha ndani. Ndiyo maana nyama ya kusaga inaharibika haraka kuliko kipande, na ndiyo maana inunuliwe siku hiyo na ipikwe siku hiyo. Baridi ya Lushoto ya mwezi wa saba isikudanganye ukaiacha kwenye bakuli mpaka kesho. Kama huna friji na jioni imekatizwa na jambo, ikaange hata bila viungo mpaka ikauke na kuiva kabisa, ndipo uwe na utulivu.

Usinunue nyama laini ya bei ya juu. Mashine itailainisha yenyewe. Omba ya shingo au ya mguu wa mbele, iliyotolewa mfupa, yenye mafuta kiasi. Mafuta yale ndiyo ladha, na yatakupunguzia ya kununua dukani.

Sasa kuna anayesema, "Huku kwetu Mtae bucha haina mashine." Ni kweli, bucha nyingi za vijijini hazina. Basi chukua kipande chako uende nacho nyumbani. Noa kisu. Kata nyama vipande vyembamba, kisha kata tena kwa upande wa pili, kisha ipigepige kwa kisu juu ya kibao mpaka iwe ndogondogo. Dakika kumi zinatosha kwa robo kilo. Na nikuambie wazi, mimi naipenda zaidi hiyo ya kisu. Haigeuki uji mdomoni, unaisikia nyama.

Haya, tumefika jikoni. Nitakutajia vitu, na nitavirudia mwishoni kwa anayetafuta kalamu. Nyama robo kilo. Makaroni pakiti moja ya nusu kilo. Vitunguu maji viwili. Karoti tatu kubwa. Nyanya nane zilizoiva. Hoho moja. Selari bua moja kama ipo. Vitunguu saumu punje nne. Maharage yaliyokwisha chemshwa, vikombe viwili, au njegere kama ndio msimu. Mafuta vijiko viwili. Chumvi. Maziwa nusu kikombe kama ng'ombe wako anakamuliwa au jirani anauza.

Weka sufuria motoni, ipate moto kweli. Mimina nyama peke yake, bila maji, bila kitunguu, bila nyanya. Itandaze. Iache. Hapa ndipo wapishi wengi wanapokosa subira. Nyama inaanza kutoa maji, wao wanatupia nyanya, na tangu hapo nyama imechemka tu, haikukaangika. Ngoja. Maji yatakauka, utasikia sauti inabadilika, kutoka kutokota hadi kuchachatika. Ndipo uigeuze, uone imekuwa ya kahawia, imeshika chini kidogo. Ile rangi ya kahawia ndiyo utamu wote wa mlo huu. Ukiwa na nyama nyingi unaweza kusamehewa ukiikosa. Ukiwa na robo kilo huwezi, kwa sababu nyama hiyo ndogo inatakiwa iseme kwa sauti kubwa.

Ikishakuwa hivyo, itoe, iweke pembeni kwenye bakuli safi. Usilioshe sufuria. Kile kilichoshika chini tunakitaka.

Tia mafuta, tia vitunguu maji na selari, na sasa punguza moto. Kama ni mkaa, ondoa kaa mbili tatu. Kama ni kuni, vuta ukuni mmoja nje. Kitunguu kiive taratibu mpaka kilainike na kuanza kuwa na rangi ya dhahabu. Kisha karoti zilizokwanguliwa, kisha nusu ya hoho, mwishoni kitunguu saumu, kwa sababu hicho kikiungua kinakuwa kichungu. Karoti utaona inayeyuka, inaingia kwenye mafuta na kuyageuza rangi. Mtoto anayekataa mboga hataiona karoti hii. Ataila.

Sasa nyanya. Zikatwe ndogo, zimiminwe zote, na chumvi. Funika zivunjike, kisha funua zikauke. Usiende hatua nyingine mpaka uone mafuta yamejitenga pembeni. Ukiona mafuta yamejitenga, ule ubichi wa nyanya umekwisha. Rudisha nyama. Tia maharage. Koroga. Onja chumvi.

Unaweza kusimama hapa, ukawa na mchuzi mzito wa kula na chochote. Lakini tumesema sufuria moja, siyo? Nyama kidogo, mboga nyingi, sufuria moja. Basi mimina maji, lita moja na robo hivi, yachemke, kisha mimina makaroni makavu moja kwa moja ndani ya mchuzi. Koroga mpaka chini, funika, na kila baada ya dakika mbili tatu pitisha mwiko yasishike. Yale maji hatuyamwagi. Makaroni yanayanywa, pamoja na ladha ya nyama na nyanya, na wanga unaotoka kwenye makaroni unaufanya mchuzi ushikane. Kama ni tambi ndefu, zivunje mara mbili kwanza ili zizame.

Pakiti imeandikwa dakika nane au tisa. Usiiamini sana ukiwa Lushoto. Aliyeandika pale anadhani maji yanachemka katika nyuzi joto 100. Tanga, kando ya bahari, ni kweli. Lakini mji wa Lushoto uko mita kama 1,400 juu ya bahari, na huku maji yanachemka katika nyuzi 95 hivi. Ukipanda vijiji vya Magamba na kwingineko juu zaidi, inashuka tena. Maji yanaruka, yanatoa povu, lakini hayana joto lile la pwani. Ndiyo sababu maharage yanatuchosha huku. Ndiyo sababu mgeni kutoka Tanga anapika kwa saa yake na chakula kinatoka kigumu. Kwa hiyo ongeza dakika tatu, nne, na uamuzi uwe wa jino, siyo wa saa. Tafuna moja. Ikiwa katikati bado ina kiini kigumu, endelea.

Na kuhusu moto nina jambo la kuwaomba. Mkaa na kuni ni gharama, na kila gunia ni mti uliokuwa umesimama mahali fulani. Msitu wa Magamba ni hifadhi, na maji tunayoyaelekezea kwenye bustani zetu kiangazi yanatoka katika misitu hiyo. Sufuria moja badala ya mbili tayari inapunguza moto. Lakini kuna zaidi. Mwaka 2022, gesi ilipopanda bei Ulaya, mwanafizikia wa Italia, Giorgio Parisi, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, aliwaambia Waitalia wenzake kwamba tambi hazihitaji moto mpaka mwisho. Zikishachemka kidogo, zima moto, funika, zimalizike kwa joto lililobaki. Wapishi wengine walimjia juu, lakini jambo lenyewe ni la kweli, na akina mama wetu wamelifanya kwa wali tangu zamani. Basi nawe, makaroni yakichemka kwa dakika kama saba, tia maziwa yako, koroga, ipua sufuria, ifunike kwa mfuniko mzito, izungushie kitambaa kinene au gunia safi. Iache dakika kumi. Huku kwenye baridi usiiache wazi hata kidogo, joto linakimbia. Ukifunua utakuta yameiva na mchuzi umeshikana. Na kama bado, dakika mbili za moto zinamaliza.

Hapo mlo uko tayari. Sasa tusikilize malalamiko, maana najua yapo.

La kwanza, la wazee. "Mimi bila ugali sijala." Shikamoo mzee wangu, nimekusikia. Chota mchuzi ule kabla makaroni hayajaingia, umwekee mzee bakuli lake na ugali wake, au na bada, au na viazi vya kuchemsha. Ni mchuzi ule ule. Hakuna sababu ya nyumba kugombana kwa ajili ya makaroni. Na ninawaambia wale vijana mnaoona ugali ni chakula cha kizamani, mchuzi huu unakaa vizuri zaidi na ugali kuliko mnavyodhani.

La pili, wapo wanaosema tambi ni chakula cha mjini, cha watu wenye nazo. Lakini tambi tunazijua siku zote. Nyumba ngapi za hapa Ramadhani inapita bila tambi za sukari, nazi na iliki kwenye futari? Na ndugu zetu Wasomali, ambao wengi wao waliwahi kukaa chini ya Waitalia, wameifanya tambi kuwa chakula chao cha kila siku, baasto na mchuzi wa nyama. Nenda Eastleigh, Nairobi, uone sahani zinavyopita. Hata kwa Wamarekani, ambao tunadhani nyama kwao ni kama maji, mwaka 1971 nyama ilipokuwa ghali, kampuni ya General Mills ilisambaza boksi la tambi na viungo vya kuchanganya na nyama ya kusaga kidogo katika kikaango kimoja, na familia nyingi zikalipokea. Nyama ikipanda bei, mama wa popote anafikiri jambo lile lile: nitaifikishaje kwa wote? Tofauti ni kwamba lile boksi lilikuwa na unga wa viungo wa kiwandani. Wewe una karoti iliyong'olewa asubuhi.

La tatu ndilo ninalolijali zaidi. Kuna anayeuliza, "Lakini robo kilo kwa watu sita, itawajenga watoto kweli?" Ni swali la mzazi mwenye upendo, tulijibu kwa utulivu.

Mtoto anahitaji protini na anahitaji madini ya chuma ya kujenga damu. Maharage yana vyote viwili. Tatizo ni kwamba chuma cha maharage mwili unakipokea kwa shida, sehemu kubwa inapita tu. Sasa kuna vitu viwili vinavyousaidia mwili kukipokea. Kimoja ni nyama, hata kidogo, ikiwa katika mlo ule ule. Cha pili ni vitamini C, na hiyo iko kwenye hoho na nyanya. Sehemu yake inapotea kwa moto, kwa hiyo bakiza nusu ya hoho, ikate nyembamba, uitupie juu wakati wa kupakua. Umeona? Ile robo kilo haifanyi kazi peke yake. Inayaamsha maharage. Ndiyo maana nasisitiza maharage yasiachwe, hata kama unayaona ni ya kila siku.

Na hapa nina ombi gumu, kwa sababu naligusa jambo tunalolipenda. Chai. Sisi ni watu wa chai. Inalimwa hapa hapa, Mponde, Herkulu, na jioni yenye ukungu nani hataki kikombe? Lakini chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula inapunguza kile chuma kinachoingia mwilini. Tunapika vizuri, halafu kikombe kimoja kinatuondolea sehemu kubwa ya faida hiyo. Siombi uache chai. Naomba ingoje. Mle kwanza, vyombo vioshwe, watoto wamalize kazi za shule, baada ya saa moja hivi ndipo chai imiminwe. Na mtoto mdogo, na mama mjamzito, wao hasa. Wape maji, au chungwa kama lipo.

Nilisema nitarudia vipimo, kalamu mkononi sasa. Nyama ya kusaga robo kilo, makaroni nusu kilo, vitunguu maji viwili, karoti tatu, nyanya nane, hoho moja, selari bua moja, saumu punje nne, maharage yaliyoiva vikombe viwili, mafuta vijiko viwili, maji lita moja na robo, maziwa nusu kikombe. Nyama ikaangwe peke yake mpaka iwe ya kahawia. Kitunguu taratibu. Nyanya mpaka mafuta yajitenge. Makaroni ndani ya mchuzi, na sufuria ifunikwe imalizikie nje ya moto. Huna maziwa? Acha. Huna selari? Kata vijani vya karoti vile vichanga kidogo tu, vina harufu inayokaribia. Nyanya ni ghali wiki hii? Tumia nne na kijiko cha nyanya ya pakiti.

Kikibaki, na nyumba yenye watoto sina hakika kama kitabaki, kisilale kwenye sufuria vuguvugu kando ya mafiga. Kikishapoa kifunikwe mahali penye baridi na safi, asubuhi kipashwe mpaka kifuke mvuke katikati, kiliwe kabla ya kwenda shamba. Kisivuke asubuhi hiyo.

Akina baba mnaonisikiliza, msibadilishe stesheni. Mlo huu haumtaki mama peke yake. Kukwangua karoti na kupigapiga nyama kwa kisu ni kazi ya mkono wowote, na katika nyumba ambayo mama ameshinda bondeni akimwagilia, chakula hiki kinaweza kumkuta kimeshaiva. Kijana wa kidato cha pili anaweza kukipika chote. Mfundishe, awe wa kike au wa kiume.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kabichi, maana imejaa na bei yake imewakatisha tamaa wengi, na kuna namna za kuihifadhi ambazo tumezisahau. Mwenye swali la leo amwambie mwandishi wetu wa gulioni, atalifikisha.

Saa kumi na nusu sasa. Bucha bado zina nyama, na nyanya za jioni zinashuka bei wauzaji wakianza kufunga.